Kabla ya Kurusha Ndege Uliyoijenga Mwenyewe

(Muziki wa kipindi, sekunde 10, kisha unashuka.)

Mimi ni fundi redio. Kibanda changu kiko hapa Oli, mjini Arua, na kama redio yako iliwahi kukataa kusema, huenda ilipita mikononi mwangu. Leo nataka tuzungumze juu ya ndege. Si ile inayobeba watu. Nasema ile ya kujengwa kwa mkono, yenye mabawa ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha, inayoongozwa na mtu aliyesimama chini. Lakini utaona kwamba redio imo ndani yake.

Vijana wengi mmeniuliza: "Fundi, sisi tunaweza kujenga kitu kama hicho?" Mnaweza. Kazi hiyo tumeifanya mimi na vijana sita katika makazi moja ya wakimbizi ambayo leo sitaitaja, na nitakwambia kwa nini siitaji.

Tuanze na redio. Hiyo uliyoshika sasa ni mpokeaji. Mnara unarusha mawimbi, antena yako inayadaka, spika inatoa sauti. Ndani ya ndege ya kuongozwa kuna mpokeaji vilevile, ila huyu hana spika. Mawimbi yakimfikia, anaamuru vimota vidogo viitwavyo sevo, navyo vinavuta na kusukuma waya zilizofungwa kwenye mkia na kwenye mabawa. Ukisogeza kijiti cha rimoti kushoto, usukani wa mkia unageuka kushoto. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyokwenda majini bila mtu ndani, akiiongoza kwa redio. Ulimwengu mzima wakati huo haukuwa na ndege hata moja yenye injini iliyobeba mtu.

Sasa, ndege yenyewe. Adui wa ndege ni uzito. Bawa letu lina urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 30, na kwa bawa la kipimo hicho tulijiwekea sheria: ndege nzima, na betri yake, na mota yake, isizidi kilo 2 na nusu. Kila kitu tulikipima kwenye mizani ya muuza dagaa sokoni. Alitucheka siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa anatuuliza, "Leo mkia una gramu ngapi?"

Katika nchi za mbali wanajenga kwa mti wa balsa, mwepesi sana, unaotoka Amerika ya Kusini. Huku kwetu usihangaike nao. Ndugu zetu wa Sudan Kusini mnaufahamu ule mti unaoota ndani ya maji kando ya Nile, mti wa ambaji, ambao Washilluk hufunga mashina yake na kutengeneza vyombo vya kuvukia. Ukikauka unaushika kama huna kitu mkononi. Lakini usijitie majini kuutafuta, maana kiboko naye anapenda hapo hapo. Waombe wavuvi. Ukikosa ambaji, chukua lile boksi jeupe jepesi linalokuja na televisheni mpya, madukani wanalitupa. Uti wa bawa uwe mwanzi uliopasuliwa. Waya za kuvutia usukani ni spoku za baiskeli. Na bawa usiligonge misumari kwenye kiwiliwili cha ndege; lifunge kwa vipande vya mpira wa tyubu. Ndege ikianguka, na itaanguka, mpira unaachia, bawa linaruka pembeni bila kuvunjika.

Nawasihi kitu kimoja: turubai la nyumba yenu msilikate. Kwanza mvua itakuja, pili ni zito mno kwa kazi hii. Sisi tulifunika bawa kwa karatasi nyembamba, juu yake kavera laini.

Bawa lisiwe bapa kama ubao. Juu liwe na mgongo uliopinda kidogo, na unene wake kwa bawa la sentimita 30 uwe kama sentimita 3 na nusu. Ncha zote mbili ziinuke kuliko katikati, kila upande sentimita 8 hivi, ndipo ndege ikiinama upande mmoja inajirudisha yenyewe. Mkia wa kulala uwe na eneo kama moja ya tano ya eneo la bawa. Halafu angalia bawa kwa nyuma, jicho moja limefumbwa. Kama upande mmoja umejipinda kama mguu wa kitanda kibovu, ndege itazunguka na kuchimba ardhi, hata uwe dereva gani. Ulegeze, uunyooshe kwa mvuke wa sufuria, ungoje ukauke.

Wengi hufikiri ndege ikishasimama kama ndege, kazi imekwisha. Hapo ndipo sisi tulipoteza wiki tatu. Vijana walitaka rangi. Wakapaka mkia rangi ya mafuta, mikono miwili, ukang'aa kweli. Tulipoiinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, ikakaa matako chini kama mbwa. Mahali pa usawa panatakiwa pawe karibu na mbele ya bawa: kwa bawa la sentimita 30, weka vidole kama sentimita 8 au 9 kutoka ukingo wa mbele, na ndege ilale sawa au iiname pua kidogo. Pua ni fupi, mkia ni mrefu. Kwa hiyo kila gramu moja ya rangi uliyoweka mkiani inadai gramu mbili au tatu za risasi puani. Rangi ya kupendeza ikatugeuka deni. Tuliisugua yote kwa msasa, kijana mmoja akilia machozi ya kweli, maana yeye ndiye aliyeipaka.

Paka kidogo tu. Juu rangi moja, chini nyingine, ili ikiwa mbali ujue imelala kifudifudi au chali. Chagua njano au rangi ya chungwa. Usipake kijani cha jeshi, wala kijivu, wala usichore bendera ya mtu yeyote. Nitaeleza.

(Muziki mfupi.)

Kaka wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa mafundi baiskeli. Hawakuanza na injini. Mwaka 1900, 1901 na 1902 walijenga ndege zisizo na mota, wakazirusha kwanza kama tiara, kisha wakateleza nazo kutoka kwenye vilima vya mchanga, mara mamia. Ndipo tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini, sekunde 12, mita 37 hivi. Nikawaambia vijana wangu: na sisi tuanze bila mota. Shauri hilo lilikuwa zuri. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Ilikuwa Jumamosi. Tulipanda kichuguu kilicho juu ya bomba la maji, upepo ukitupiga usoni. Tukasukuma ndege kwa mkono. Jamani, iliruka! Ilikwenda kimya, imetulia, sisi tunapiga kelele za furaha. Kivuli chake kikashuka mteremkoni, kikapita juu ya foleni ya jerikeni.

Mama mmoja aliona kivuli kabla ya kuona ndege. Alitupa jerikeni, akanyakua mtoto mdogo, akajitupa ndani ya shamba la mtama. Na wengine watatu wakamfuata. Mtoto wake wa pili, wa miaka sita, alikimbilia upande mwingine. Tulimtafuta kuanzia saa tisa. Tulimpata saa kumi na mbili jioni, amejikunja kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo kipya, hasemi.

Mama huyo anatoka upande wa Yei. Wenye umri wanakumbuka Antonov zilizopita juu ya Yei katika vita vya zamani, na mabomu yaliyosukumwa kutoka tumboni mwake. Mtoto hakuwahi kuiona Antonov hata moja. Lakini alikuwa ameona mama yake anavyotazama juu.

Nilikwenda kwake siku ya pili pamoja na mwenyekiti wa RWC. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alinikaribisha kiti, akaniuliza: "Fundi, kile kitu mnakitaka cha nini?"

Nilimwambia habari za Rwanda. Kule, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zinaruka kutoka Muhanga zikipeleka damu kwenye hospitali za mbali. Zikifika zinaangusha boksi kwa mwavuli wa karatasi, kisha zinarudi nyumbani. Nilimwambia habari za Malawi, ambako mwaka 2020 UNICEF ilifungua chuo Lilongwe, vijana wanajifunza kujenga na kurusha ndege za namna hiyo. Nilimwambia hata juu ya George Mel, yule kijana wa Juba aliyejenga ndege ndogo nyumbani kwake, magazeti yakamwandika mwaka 2016. Alisikiliza yote. Akasema, "Hiyo damu ni nzuri. Lakini mimi hakuna aliyeniambia."

Sikuwa na jibu. Siku zote nilijishughulisha na gramu za mkia, na sikukumbuka kwamba anga ya hapa si tupu kwa kila mtu. Hata wazee wa Arua na Koboko, walipokimbilia Zaire na Sudan miaka ya 1980, walikimbia na masikio yao.

Ndiyo maana siitaji makazi yale. Na ndiyo maana leo nakuomba, wewe unayekusanya maboksi na spoku, ufanye kazi hii kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako na kwa mwenyekiti wa LC wa wenyeji. Waambie siku, saa na mahali. Tangazo lipite kwa kipaza sauti siku moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe, kwa lugha zote za pale: Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kikakwa, Kilugbara, na nyingine zilizopo. Ndege ipelekwe bombani na shuleni ikiwa imezimwa, watoto waishike, waone kwamba tumbo lake ni boksi la televisheni. Anayesema hataki irushwe karibu na nyumba yake, usibishane naye. Hama.

Yote hayo ni kwa ndege isiyo na mota. Ukiweka mota na rimoti, mambo yanakuwa mengine. Hapa Uganda usirushe chombo cha kuongozwa bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyombo vya usalama, na ndani ya makazi yetu hakuna linalofanyika bila kamanda wa makazi, yule wa Ofisi ya Waziri Mkuu, kujua. Usidanganyike na mtu anayesema "ni mchezo tu." Kijana mkimbizi aliyeshikwa na rimoti mkononi atajieleza kwa shida sana. Kamwe usirushe karibu na uwanja wa ndege wa Arua wala mahali helikopta zinapotua. Na chombo cha kilo 2 na nusu kinachokwenda mbio kama bodaboda kisipite juu ya kichwa cha mtu.

Yetu bado haina mota. Mota iko mezani kwangu, imefungwa kitambaa. Karatasi za maombi zimeandikwa na tunangoja. Kila Jumamosi ya pili tunateleza nayo kutoka kilima kingine, mbali na bomba, baada ya tangazo. Yule mtoto wa miaka sita alikuja mara ya tatu. Alisimama mbali, karibu na mama yake. Mara ya nne alisogea akashika mkia, akauliza kwa nini umesuguliwa.

Kabla sijaondoka, nina swali kutoka Lobule. Mmeuliza kama betri za kompyuta mbovu zinafaa kwa mota. Jibu langu ni hapana, si kwa wanaoanza. Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyobonyea au iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kushika moto ghafla, na moto wake hauzimiki kirahisi. Hata ile nzima, usiichaji ndani ya nyumba ya nyasi, usiichaji usiku mmelala. Ichaji nje, juu ya udongo mtupu, ndoo ya mchanga iko kando, na mtu amekaa anaiangalia. Na aliyeuliza juu ya gundi: ile supa gluu inakula boksi jeupe, inalitoboa kama sukari ndani ya chai. Tumia gundi nyeupe ya seremala, na uiache ikauke usiku kucha.

Tukutane wiki ijayo, saa hii hii.

(Muziki unapanda, kisha mwisho.)