Majengo ya Umma Yatangulie Kupimwa

(Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa watumishi wa umma na wakuu wa shule kuhusu matumizi ya umeme katika majengo.)



Nimeombwa nizungumzie matumizi bora ya nishati katika majengo. Najua kwamba baadhi yenu mmekwisha kulihesabu jambo hili kuwa ni kazi ya wahandisi na mafundi umeme. Mimi nasema ni kazi ya karani, ya mhasibu, ya mwalimu wa zamu, na zaidi ya wote ni kazi ya mkuu wa ofisi. Wala sitaanza na nchi za Ulaya, ambako tatizo lao kubwa ni baridi. Nitaanza na Afrika Kusini, nchi ambayo historia yake imefungamana na yetu tangu siku za Kongwa na Mazimbu, na ambayo imejaribu kulitatua jambo hili kwa nguvu ya sheria.

Wenzetu hao walizoea umeme rahisi uliotokana na makaa ya mawe. Mapema mwaka 2008 mazoea hayo yalikoma ghafula, pale shirika lao la umeme, Eskom, lilipolazimika kukata umeme kwa zamu nchi nzima. Tangu hapo mgao ukawa ukija na kuondoka. Mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote, kwani zaidi ya siku 300 za mwaka huo zilikuwa na mgao. Ulisita mwezi Machi 2024, kisha ukarejea kwa vipindi vifupi mwaka 2025. Mitambo ya kuzalisha umeme hujengwa kwa miaka mingi na kwa mikopo mikubwa. Hivyo Serikali yao ilitambua kwamba haina budi kuangalia pia upande wa pili, yaani upande wa mtumiaji.

Mwezi Desemba 2020 zilitangazwa kanuni zinazolazimisha majengo fulani kuwa na cheti cha matumizi ya nishati. Majengo yaliyotajwa ni ofisi, shule na vyuo, kumbi za burudani na kumbi za michezo. Nawaomba mwangalie orodha hiyo vizuri: viwanda havimo, na nyumba za kulala wananchi hazimo. Waliotajwa ni sisi hasa, watu wa ofisi na watu wa madarasa.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Huchukuliwa umeme na nishati nyingine yote iliyotumika katika jengo kwa mwaka mzima, ikagawanywa kwa mita za mraba za sakafu. Tarakimu inayopatikana hulinganishwa na kiwango kilichowekwa kwa majengo ya aina hiyo, na jengo hupewa daraja kuanzia A hadi G. Daraja la D ndilo la kawaida. Lililo juu yake limefanya vizuri, lililo chini yake linapoteza. Cheti hudumu miaka mitano na hupaswa kubandikwa mlangoni, kila anayeingia akione. Walimu mtatambua mara moja kwamba hii ni ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi, isipokuwa hapa mwanafunzi ni jengo na mzazi ni umma.

Lakini kipengele kinachonivutia kuliko vyote ni hiki. Jengo la mtu binafsi linabanwa na kanuni hizo likizidi mita za mraba 2,000. Jengo la Serikali linabanwa likizidi mita 1,000 tu. Maana yake ni kwamba Serikali ilijiwekea masharti makali kuliko iliyowawekea wananchi wake. Huo ndio utaratibu unaofaa. Haiwezekani ofisa akamwambie mwenye duka azime taa zake, na huku ofisi ya ofisa huyo inapoza viti vitupu tangu asubuhi hadi magharibi.

Sasa, je, sheria hiyo ilitekelezwa? Hapa inabidi tuseme kweli. Majengo yalitakiwa yawe na vyeti kabla ya Desemba 2022. Muda ulipokaribia, yaliyokuwa navyo yalikuwa machache mno, na Serikali ikaongeza miaka mitatu, hadi Desemba 2025. Na hii ni sheria ambayo adhabu yake inaweza kufika faini ya randi milioni 5 au kifungo cha miaka mitano! Hofu ya jela haikutosha.

Ukiyatazama masharti ya cheti utaona ugumu ulipo. Ili jengo lipimwe, lazima pawepo kumbukumbu za miezi kumi na miwili. Lazima mita iwe ya jengo hilo, siyo mita moja ya kiwanja chenye majengo sita, karakana na nyumba ya mlinzi. Lazima ijulikane ukubwa wa sakafu na idadi ya watu. Ofisi ambayo haijawahi kuandika mambo hayo haiwezi kuyapata kwa siku moja, hata mwenye kitengo akitishiwa pingu. Tena cheti peke yake hakiokoi uniti hata moja. Jengo linaweza kupewa daraja la G, likabandikwa cheti mlangoni kwa heshima zote, na likaendelea kupoteza umeme kwa miaka mitano.

Ndugu Washiriki, turudi nyumbani. Sisi nasi tumeonja mgao, mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwaka 2023. Sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwezi Februari 2024 na mitambo yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Wako wanaosema kwamba kwa kuwa umeme upo, habari za kubana matumizi zimepitwa na wakati. Hoja hiyo haina uzito. Umeme ukiwa mwingi, ankara haifutwi. Mtakumbuka kwamba mwezi Machi 2017 Rais Magufuli aliagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, Serikali na taasisi zake zikiwamo. Deni la namna hiyo haliletwi na ukame. Linatokana na ofisi kutumia kitu ambacho anayekitumia haulizwi bei yake.

Nyumbani kwake, ofisa huyo huyo hununua LUKU kwa fedha zake, na mtoto akiacha taa inawaka chumbani atasikia maneno. Ofisini hajui hata mita iko ukuta gani.

Nichukue mfano wa shule. Shule ya bweni yenye taa kumi za ulinzi, kila moja globu ya zamani ya wati 60, zikiwaka saa kumi na mbili kila usiku, hutumia uniti 7.2 kwa usiku mmoja, yaani uniti 2,628 kwa mwaka. Zikibadilishwa kwa taa za LED za wati 10, ambazo hutoa mwanga unaokaribia ule ule, matumizi hushuka hadi uniti 438. Uniti 2,190 zimebaki mfukoni mwa shule, na bado hatujafika jikoni wala bwenini. Mkuu wa shule azidishe mwenyewe kwa bei anayolipa, kisha ahesabu ni maboksi mangapi ya chaki.

Kwenye ofisi adui mkubwa ni joto, na hapa lazima niseme neno juu ya majengo yenyewe. Ofisi zetu nyingi za zamani zilijengwa na watu walioijua hewa ya mahali: veranda pana, dari ya juu, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na vioo vya vipande vinavyofunguka. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, halikuhitaji mashine kupitisha hewa. Baadaye tukachukua ofisi zile zile za vioo vya vipande tukazifunga viyoyozi. Vioo hivyo havizibi hata vikifungwa. Hewa baridi hutoka nje kutwa nzima, na kiyoyozi hakipumziki. Kiyoyozi cha chumba kimoja huvuta kilowati moja au zaidi kinapofanya kazi, hali pangaboi huvuta kati ya wati 50 na 80. Tena majengo mapya tunayavika vioo upande wa magharibi, jua la alasiri liingie lote, kisha tunanunua mashine za kulitoa. Huko ni kuiga bila kufikiri.

Hata mavazi yanahusika. Mwaka 2005 Serikali ya Japani, chini ya Waziri Mkuu Koizumi, iliagiza ofisi zake zisipozwe chini ya nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi wakaruhusiwa kuacha tai na koti. Waliotangulia kuvua tai walikuwa mawaziri. Hilo ni muhimu, maana ninaogopa sana mpango wa kubana umeme ambao utaanza kwa kuondoa pangaboi la masjala na kukiacha kiyoyozi cha mkubwa kikinguruma.

Kwa hiyo ninalopendekeza kwenu leo halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Tarehe moja ya kila mwezi mita isomwe, na tarakimu iandikwe katika daftari pamoja na kiasi kilicholipwa. Mahali ambapo mita moja inahudumia majengo mengi, mkuu wa taasisi aombe mita za kutenganisha katika bajeti ijayo. Sakafu ipimwe kwa futi kamba. Katika shule, wanafunzi wa hisabati wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa vipindi viwili. Tarakimu za kila mwezi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, si kwenye jalada la siri. Baada ya miezi kumi na miwili kila mmoja wenu atakuwa na kile ambacho maofisi mengi ya Afrika Kusini yalikikosa sheria ilipobisha hodi, nasi tutaweza kukutana tena hapa kulinganisha shule na shule, wilaya na wilaya.

Niko tayari kwa maswali.