Somo la Redio: Jina la Faili Lisomwe Herufi kwa Herufi

Ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima huko Kiranjeranje, fungueni madaftari. Leo tutasoma jina fupi, lakini ukikosea herufi moja tu, kazi yote itaharibika.

Labda mwanao anayo PSP, mashine ndogo ya michezo ya kushika mkononi, ambayo Sony walianza kuiuza Japani mwaka 2004. Watu wengine huitia programu ya msingi iliyotengenezwa na mafundi wasio wa kampuni. Mara nyingi mashine hugoma na kusema kwamba faili limeharibika. Kabla hujaipeleka kwa fundi na kutoa fedha, tazama mambo matatu.

La kwanza ni jina na mahali. Andikeni: EBOOT.PBP. Herufi tano, nukta, herufi tatu. Zile O mbili ni herufi, si sifuri. Faili hili hukaa katika folda yake; folda hiyo imo ndani ya GAME, na GAME imo ndani ya PSP. Pengine utakuta folda mbili za jina moja, moja ndani ya nyingine. Hapo mashine hailioni faili. Itoe ile ya ndani, uiweke katika GAME.

La pili ni ukubwa. Gunia la ufuta halipokelewi ghalani bila kupimwa. Faili nalo lipime: ukubwa wake katika kadi ulingane na ule ulioandikwa pale ulipolichukua. Likiwa pungufu, lichukue upya. Likiwa sawa na bado linakataa, jaribu kadi nyingine.

La tatu ni toleo. Programu iliyotengenezwa kwa toleo 6.60 isitiwe katika mashine yenye 6.61, toleo ambalo Sony walilitoa mwaka 2015. Soma namba kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri. Faili likikataliwa kabla ya kazi kuanza, mashine haifi. Hatari ni umeme kukatika wakati mashine inapoandika programu ndani yake; huenda isiwake tena. Basi jaza betri, uiache kwenye chaja, wala usiguse kitufe mpaka imalize.

Zoezi: andika EBOOT.PBP mara tatu, kisha jirani yako akusahihishe, herufi kwa herufi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.