Mapatano ya Khartoum
Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya majumbe na walimu



Nataka kuwaeleza jinsi wakubwa wa nchi za Waarabu walivyogombana miaka mitano juu ya Yemen, kisha wakapatana pasipo kuwauliza wenye nchi.

Tarehe 26 Septemba 1962 maofisa wa jeshi walimpindua Imamu Muhammad al-Badr, aliyekuwa amekirithi kiti cha baba yake kwa muda wa juma moja tu. Wakatangaza jamhuri, na mkuu wake akawa Abdullah al-Sallal. Watu walidhani Imamu amefia chini ya kifusi cha jumba lake, kumbe ametoroka, akafika milimani kwa makabila yaliyomtii. Gamal Abdel Nasser wa Misri akapeleka askari kumsaidia Sallal. Saudi Arabia na Jordan zikamsaidia Imamu. Wote hao ni Waislamu, na lugha yao ni moja. Fahamuni basi kwamba ugomvi haukuwa wa dini: Nasser alitaka wafalme waondoke, na wafalme waliogopa kuondolewa. Askari wa Misri wakazidi hata wakawa kama 70,000, wala vita havikukoma.

Jambo lililogeuza mambo lilitoka kwingine. Juni 1967 Israeli iliishinda Misri kwa siku sita, ikatwaa Sinai. Mfereji wa Suez ukafungwa, na ushuru wake ukakatika. Sasa Nasser alihitaji fedha, na fedha zilikuwa kwa wafalme aliokuwa akiwashutumu redioni. (Redio hiyo ya Cairo ilisema na Kiswahili pia tangu 1954, wazee wetu wengi waliisikiliza.)

Mwisho wa Agosti wakakutana Khartoum. Nasser na Mfalme Faisal wa Saudi Arabia waliketi nyumbani kwa Waziri Mkuu wa Sudan, Muhammad Ahmad Mahgoub, wakaafikiana: Misri iondoe askari wake, na Saudi Arabia iache kuwasaidia watu wa Imamu. Tena Saudi Arabia, Kuwait na Libya zikaahidi pauni milioni 135 kila mwaka, milioni 95 za Misri na 40 za Jordan.

Sallal aliyakataa mapatano hayo, lakini askari wa Misri waliondoka vivyo hivyo. Mwezi wa Novemba, akiwa safarini, akapinduliwa. Na Imamu je? Watu wake waliuzingira mji wa San'a kama siku 70, wasiuweze. Mwaka 1970 Saudi Arabia ikaitambua jamhuri ile ile iliyokuwa ikiipiga vita. Imamu akahamia Uingereza, akafa huko mwaka 1996.