Ua wa Miiba Ulio Hai

Wasikilizaji wetu, wengi katika nchi yetu huzungushia nyumba zao ua wa matawi ya miiba yaliyokatwa porini. Ua huo haudumu. Mchwa huula, na mwenyewe hana budi kurudi porini na panga lake. Na kila mara huenda mbali zaidi, maana vichaka vya karibu amekwisha kuvimaliza. Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za ua unaopandwa, ukaota.

Mti wenyewe ni wa nchi hii hii, haukutoka ng'ambo. Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wamasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga. Pwani nako una jina lake, ambalo si zuri kulitaja mbele ya wanafunzi. Basi na tuuite mukawa. Mvua zinapoanza, ncha za matawi yake hujaa maua meupe, yenye wekundu kwa nje, na harufu yake ni kama ya asmini. Kisha huja matunda madogo, mekundu kwanza, halafu meusi, nayo ni matamu. Watoto wachungaji huyajua kuliko sisi.

Lakini hapa sikilizeni sana. Mukawa una ndugu yake, naye ni msunguti, ambao wawindaji tangu zamani huchemsha magome na vipande vya mti wake wapate sumu ya mishale. Miti hii yafanana mno: majani ni manene, maua ni meupe yenye kunukia, tunda likiiva ni jeusi, na ukivunja tawi, yote miwili hutoka utomvu mweupe. Tofauti iliyo wazi ni miiba. Mukawa una miiba migumu iliyonyoka, hata kufikia inchi 2. Msunguti hauna kabisa. Basi mwenye kutafuta mbegu atazame tawi kwanza. Asipoona mwiba, asichume, wala asiwaache watoto waonje, hata tunda liwe jeusi namna gani. Na akiwa na shaka yo yote, amwulize mzee aujuaye mti.

Chumeni matunda yaliyoiva sawasawa, mwoshe mbegu mpaka nyama itoke, mzipande kitaluni zingali mpya. Miche ikipata nguvu, ihamisheni wakati wa mvua, kila mche mbali na mwenziwe kadiri ya futi moja na nusu. Mukawa haukui upesi, na mbuzi hupenda majani yake machanga. Kwa hiyo ua huu wa kuzuia mbuzi sharti kwanza ulindwe na mbuzi. Hapo ule ua wa matawi makavu utakuwa na kazi yake ya mwisho: uwekeni kwa nje, mpaka miche iweze kujitetea.

Kukata nako kuna wakati wake. Kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha, akataye mvua zikikaribia hujinyima maua na matunda pia. Ngojeni matunda yachumwe, ndipo mkate. Na upande wa njia kateni zaidi, wapitao wasichanike nguo.