Akitoka Kiberege, Aende Wapi?



Leo tumekuja na jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: habari za ndugu zetu wanaotoka gerezani. Kiberege ni jirani yetu, na Idete nako si mbali. Huko wafungwa hulima. Mtu huingia akakaa mwaka, au miaka, akapanda, akapalilia, akavuna. Siku anapofunguliwa hana jembe wala mbegu. Afikapo kwao huona watoto wamekua, shamba linalimwa na mwingine, na jina lake limegeuka. Sasa yeye ni "yule wa jela". Basi twauliza: akitoka Kiberege, aende wapi?

Mambo haya si mageni kwetu. Baba zetu walikamatwa kwa kukosa kodi ya kichwa, wakarudi vijijini, na hakuna aliyewatenga. Jomo Kenyatta alihukumiwa mwaka 1953, akaachiwa mwaka 1961, na watu wake walimpokea kwa shangwe. Mtasema hao walionewa, na wa leo ni wezi. Wengine ni wezi kweli. Lakini mwizi aliyemaliza kifungo amelipa deni lililoandikwa na hakimu. Haifai sisi tumwandikie jingine lisilo na mwisho.

Msaada si kwamba haupo kabisa. Yupo afisa ustawi wa jamii. Ipo hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kwa aliyetoka na kifua au ugonjwa mwingine. VETA hupima ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mbona basi hawaji?

Hawaji kwa sababu tatu. Ya kwanza ni aibu. Ya pili ni woga: mtu aliyeamrishwa kila siku na askari haendi kwa hiari kugonga mlango wa ofisi. Ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni njaa. Kwenda Ifakara ni nauli, na siku ya kwenda Ifakara ni siku ya kibarua iliyopotea. Mwenye njaa hachagui cheti cha mwezi ujao akaacha ugali wa leo. Atakwenda kwa yule atakayemlisha usiku huo, na mara nyingi huyo ni rafiki yake wa zamani wa wizi.

Sisi tuliosomea ualimu twalijua jambo hili. Mtoto aliyetoroka shule harudi kwa kuambiwa tu kwamba elimu ni nzuri. Lazima akute kitu kinachomvuta siku ile ile ya kwanza. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Na Serikali yenyewe huvika pete hiyo gerezani: chini ya Sheria ya Magereza ya 1967, mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Ndani ya ukuta wema una malipo. Nje ya lango, wakati mtu anapohitaji kuvutwa zaidi, malipo yamekwisha.

Tarehe 9 Desemba 2019 Rais alisamehe wafungwa 5,533. Magazeti yaliandika kwamba mmoja huko Mbeya alikataa kuondoka gerezani. Wengi walicheka. Sisi hatukucheka. Mtu akiona gereza ni afadhali kuliko kwao, kasoro iko huko kwao.

Wengine duniani wamekwisha jaribu. Monrovia, Liberia, vijana 999 wa wizi na fujo waligawanywa: wengine mafunzo ya kubadili mwenendo, wengine fedha dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Waliopata vyote viwili ndio walioacha wizi na fujo zaidi, na baada ya miaka 10 tofauti ilikuwa bado yaonekana. Marekani, katika Texas na Georgia, miaka ya 1970, waliotoka jela walilipwa fedha kila wiki, lakini aliyepata kazi alikatwa. Kilichotokea ni kwamba walipunguza kufanya kazi! Hapa pana mafundisho mawili. Fedha iende pamoja na mafunzo. Na usimwadhibu mtu kwa kufanya kazi.

Basi, twapendekeza nini hapa Kisawasawa?

Kwanza, mtu akiripoti kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi katika wiki ya kwanza, arudishiwe nauli na apewe chakula cha wiki hiyo. Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari.

Pili, akienda kupimwa afya, au akipimwa ujuzi wake na VETA, apewe kifaa cha kazi yake: jembe kwa mkulima, randa kwa seremala, cherehani ya kukopa kwa mama mshonaji.

Tatu, akifika mwezi wa tatu bila kuvunja ahadi, kikundi chetu kimpokee kama mwanachama aweze kuomba mkopo, na halmashauri ya kijiji, kwa mamlaka iliyopewa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, imfikirie kipande cha kulima. Akipata kibarua cha kukata miwa Kidatu kabla ya hapo, asinyang'anywe kitu.

Tena tuangalie majira. Anayesamehewa tarehe 9 Desemba hufika wakati wa kulima na kupanda; huyo apewe jembe na mbegu upesi, au mwaka mzima umempotea. Anayesamehewa tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano, hukuta wenzake wanaamia ndege na kungoja mavuno, naye ghala lake ni tupu. Huyo apewe kibarua cha kuvuna, alipwe kwa mpunga.

Twasikia tayari mtu akisema: "Mwataka kumlipa mwizi, na mimi nisiyeiba nipewe nini?" Swali hili ni la haki, na lazima lijibiwe. Kifaa kisiwe zawadi kwa kosa. Kiwe malipo ya hatua aliyopiga. Maskini asiyeiba, akipiga hatua hiyo hiyo ya cheti au kikundi, naye asaidiwe. Na aliyeibiwa asisahauliwe: akikubali, mkosaji akamwombe radhi mbele ya wazee na amfanyie kazi ya siku kadhaa shambani. Hapo kijiji kitaona kwamba mtu amerudi kwa kulipa, hakurudi kwa kudai.

Wazee walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu yetu huyu tunamnyima jembe, kisha tunashangaa akila cha wenzake.

Twaomba mkutano mkuu wa kijiji ujao uliandike jambo hili katika ajenda, uchague watu watano wa kulisimamia, wawili wao wakiwa akina mama, na uamue chakula cha wiki ya kwanza kitatoka ghala gani. Mtendaji apeleke barua kwa mkuu wa gereza, tujulishwe mapema nani wa kwetu anatoka na lini, ili siku hiyo awepo mtu wa kumpokea langoni.