Vitabu vitatu vya safari ya Johannesburg



Mwaka 2017 dada yangu alinituma Johannesburg. Mwanawe alikuwa huko mwaka wa nne, amepanga chumba mtaa wa Hillbrow, na simu zake zilikuwa zimeanza kuadimika. Fedha alikuwa akituma, habari zake hatumi. "Kaka, nenda ukamwone kwa macho yako," dada aliniambia.

Nilikuwa na majuma matatu ya kujiandaa. Kitabu cha watalii sikukinunua, maana kimejaa hoteli nisizoziweza. Nilikwenda kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza kando ya barabara, na kwa rafiki yangu mwalimu. Nikapata vitatu.

Cha kwanza ni riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country. Kasisi mzee wa kijijini Natal anakwenda Johannesburg kuwatafuta dada yake na mwanawe. Nilijiona mle ndani. Lakini riwaya hiyo ilitoka mwaka 1948, na mwandishi wake alikuwa Mzungu. Jiji lile limekwisha kubadilika. Kitabu cha zamani kitakuonyesha mambo yalikoanzia, ila hakitakuonyesha kituo cha basi.

Cha pili ni kumbukumbu za Nelson Mandela, Long Walk to Freedom, za mwaka 1994. Humo nilikuta kwetu. Anasimulia kwamba mwaka 1962 alifika Mbeya, akaona hotelini weusi na weupe wakizungumza pamoja, akajihisi mtu huru. Nilivimba kichwa! Nikadhani Mtanzania atapokewa kule kama mwana wa nyumbani. Hapo ndipo kumbukumbu za wakubwa zinapoweza kukupoteza. Zinakueleza deni, hazikuelezi kama mdeni bado analikumbuka.

Cha tatu ni kijitabu chembamba cha Phaswane Mpe, Welcome to Our Hillbrow, cha mwaka 2001. Nusura nikiache, maana jina la mwandishi sikulijua. Ndicho kilichonieleza neno makwerekwere, jina la dharau wanaloitwa Waafrika wageni, eti lugha zao zinasikika kwere-kwere. Miaka saba baada ya kitabu hicho, Mei 2008, wageni walishambuliwa na watu zaidi ya 60 waliuawa, wakiwamo wenyeji.

Siku yangu ya pili kule tulipanda daladala, wao huziita teksi. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, humu tusizungumze Kiswahili." Sikumwuliza kwa nini. Usiku, tulipokwisha kula, nikamwambia, "Wanakuita makwerekwere?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, nani kakwambia?"

"Nimesoma."

Ndipo alipofunguka. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa kimevunjwa mara mbili. Mama yake hakumwambia, kwa kuogopa ataamriwa arudi mikono mitupu. Tulizungumza hadi usiku wa manane. Asubuhi alimpigia mama yake mwenyewe, akamweleza yote. Dada alilia, lakini tangu siku ile simu hazijakatika.

Je, ningejua bila kitabu? Labda. Lakini ningeuliza maswali ya mgeni, naye angenijibu majibu ya mgeni: salama, hamna tabu.

Basi, msikilizaji, ukiambiwa unasafiri nchi ya watu, kabla ya kununua sanduku tafuta vitabu vitatu: kimoja cha zamani, ukitazame mwaka wake, kimoja cha mkubwa, ukisome huku ukikumbuka kwamba mkubwa hapandi daladala, na kimoja cha mtu aliyeujua mtaa utakaofikia. Kama fedha inatosha kimoja tu, nunua hicho cha mwisho.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaheri.