MKATABA WA PIKIPIKI USOME KWANZA
(Mazungumzo na madereva wa bodaboda)



Ukimwuliza dereva wa bodaboda habari za kesho yake, mara nyingi atakujibu: "Nimalize mkataba kwanza. Pikipiki ikiwa yangu nitanunua ng'ombe, nitajenga." Ni mawazo mazuri. Lakini je, mkataba wenyewe umeusoma?

Tupige hesabu. Tuseme kila siku unampelekea tajiri shilingi 7,000, siku 6 kwa juma. Kwa majuma 52 umelipa shilingi 2,184,000. Fedha hizo si za kuaminiana kwa mdomo tu. Mvua ikikata barabara, siku zile zinahesabiwaje? Pikipiki ikifa, fundi analipwa na nani? Yote yaandikwe.

Nunua daftari. Andika tarehe na fedha, tajiri atie sahihi. Ukimaliza kulipa, nendeni TRA mbadilishe jina kwenye kadi. Kadi ikiwa na jina la tajiri, kwenye kumbukumbu pikipiki bado ni yake.

Tena, mwili hauna spea. NSSF hupokea hata watu waliojiajiri. Weka kidogo kidogo.

Kusoma tunajua. Basi tusome kabla ya kutia sahihi.